Kabati Hukatwa kwa Umbo la Gari: Mwongozo wa Kujenga Makabati ndani ya Vani ya Kulala

Ndani ya vani hakuna ukuta ulionyooka. Bodi ya Toyota Hiace, gari ambalo wakazi wa mji wa Kiriaini nchini Kenya wamelijua kwa miaka mingi kama matatu ya abiria 14, huanza kuinamia ndani kuanzia usawa wa madirisha na kuzidi kubana inapokaribia dari. Sakafu yake ina matuta ya chuma, magurudumu ya nyuma yana vifuniko vinavyochomoza ndani, na kina cha ukuta kati ya ubavu mmoja wa chuma na mwingine hakilingani. Seremala aliyezoea makabati ya jikoni huingia humo na futi na skwea, akapima upana mara moja na kukata plaiwudi. Anapolisimamisha kabati, pembe ya juu inagonga ukuta kabla ya ile ya chini kuukaribia, na nyuma kunabaki pengo la kuingiza mkono. Ufundi wake hauna kasoro. Tatizo ni kwamba amelipima gari kama chumba.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza makabati yanayofuata umbo la gari lenyewe, kwa zana na mbao zinazopatikana katika karakana za kawaida za Kiriaini, Othaya na Nyeri. Unamfaa mwenye gari anayejenga mwenyewe, na pia fundi wa fanicha anayeletewa vani kwa mara ya kwanza.

Mambo manne yanayolitofautisha kabati la gari

La kwanza ni umbo, ambalo limekwisha kutajwa.

La pili ni mwendo. Barabara ya Murang'a kupitia Kiriaini hadi Othaya hukata matuta na mabonde ya mito inayotoka milima ya Aberdare, na karibu kila kilomita ina kona. Ukiingia barabara za changarawe za kukusanyia majani chai, gurudumu moja hutumbukia shimoni huku lingine likipanda, na bodi nzima hujipinda kidogo. Kabati lililounganishwa kwa misumari mitupu hulegea viungo baada ya miezi michache ya kupindwa hivyo.

La tatu ni uzito. Bamba la MDF la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 18 lina uzito wa takriban kilo 40. Bamba la ukubwa huo la plaiwudi ya milimita 12 lina takriban kilo 20. Vani ya kawaida humaliza mabamba sita au zaidi, kwa hiyo uamuzi mmoja wa kutumia MDF unaweza kuongeza kilo 120, karibu uzito wa watu wazima wawili, kabla sufuria hata moja haijapakiwa.

La nne ni unyevu. Katika baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, chuma cha gari hupoa kuliko hewa ya ndani. Watu wawili wanaolala humo huweza kutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi usiku mmoja, na maji hayo hutokea kama jasho kwenye chuma nyuma ya makabati. Yakikosa njia ya kukauka, plaiwudi huota ukungu na bodi hushika kutu mahali pasipoonekana.

Karatasi kabla ya mbao

Kuondoa viti na kuligeuza gari la abiria kuwa gari la kulala ni badiliko la matumizi na la bodi. Logbook, yaani hati ya usajili wa gari, hutolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ombi la kubadilisha maelezo ya gari hupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, likiandamana na ukaguzi. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, maana bima iliyoandikwa kwa gari la viti 14 inaweza kukataliwa baada ya ajali endapo gari limebadilishwa kimyakimya. Mambo haya yamalizwe mwanzoni. Kubomoa kabati lililokwisha kupigwa vanishi kwa sababu limeziba mlango au kufunika nanga ya mkanda wa kiti kinachobaki ni hasara kubwa.

Kuchagua mbao

Kwa mapande makubwa, yaani pembeni, sakafu na vitenganishi vya kabati, plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Milango yafaa kuwa ya milimita 9 au 12, na migongo ya milimita 4 au 6. Chipbodi na MDF ziachwe kabisa. Mbali na uzito, kingo zake zikinywa maji huvimba na hazirudi, na skrubu ikichomolewa mara mbili haishiki tena.

Tahadhari inahitajika hadiweani. Bamba linalouzwa kwa jina la "marine", lenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa, mara nyingi limetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Uso wake laini haushiki gundi wala rangi vizuri. Ubora wa plaiwudi yoyote hupimwa kwa sufuria: kipande cha upana wa kiganja kichemshwe kwa saa moja, kiachwe kikauke, kisha kichunguzwe ukingoni. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya kuvumilia unyevu.

Kwa fremu, mbao za saipresi za inchi 2 kwa 1 ni nyepesi na hukatika vizuri. Mukima, mti ambao wengine huuita mubariti na unaosimama mipakani mwa mashamba mengi ya kahawa na chai, ni mzito kidogo na una nakshi ya kupendeza usoni. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, mbao za mashambani zilizidi kutegemewa, na nyingi hufika sokoni zikiwa bado mbichi. Mukima una jambo jingine la kuangaliwa: utomvu na vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Barakoa, mikono mirefu na kunawa baada ya kupiga msasa ni lazima.

> KISANDUKU: Kujua kama mbao imekauka
> Panga mbao chini ya mabati, mbali na ardhi, ukiweka vijiti vya unene sawa kati ya safu na safu ili hewa ipite. Chagua ubao mmoja, uupime kwa mizani kila wiki na uandike uzito juu yake kwa penseli. Uzito usipobadilika kwa wiki mbili mfululizo, mbao imelingana na hewa ya hapo. Hata hivyo, hewa ya Kiriaini si hewa ya Nanyuki, mji ulio upande mkavu wa Mlima Kenya. Ubao mpana uliokaa sawa huku juu hujikunja ukipigwa na jua la kule. Ndiyo sababu mapande mapana huwa plaiwudi, na mbao nzima hubaki kwenye fremu nyembamba tu.

Kulisoma gari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Fundi akitumia siku mbili hapa, kukata na kuunga huchukua muda mfupi, na akiharakisha hapa atatumia wiki nzima kuziba mapengo.

Jambo la kwanza la kuacha ni pimamaji. Kiriaini ni mji wa miteremko, na gari lililoegeshwa kando ya barabara karibu kila mara limeinama upande mmoja. Kabati likinyooshwa kwa pimamaji litakuwa sawa na dunia lakini litaonekana limepinda ndani ya gari, maana macho hulilinganisha na madirisha na sakafu. Vipimo vyote vichukuliwe kutoka kwenye sakafu ya gari na mstari wa katikati wa gari.

1. Ondoa viti, mazulia na vifuniko vya plastiki. Fagia, osha, acha pakauke. Kutu yoyote ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.

2. Hatua ya 5 na ya 6 zikishafanyika, weka insulesheni na sakafu ya mbao. Kabati linalopimwa kabla ya ukuta kupata unene wake kamili halitaingia.

3. Tafuta katikati kati ya nguzo mbili za mlango wa nyuma, kisha kati ya nguzo mbili za milango ya mbele. Unganisha alama hizo kwa uzi uliopakwa chaki, uuvute na kuuachia. Huo ndio mstari mkuu.

4. Mahali kabati litakapoanza na litakapoishia, piga mistari inayokata ule mkuu kwa pembe mraba. Skwea ndogo hudanganya kwa umbali huo. Tumia kanuni ya pembetatu: pima sentimita 60 kwenye mstari mmoja, 80 kwenye mwingine, na hakikisha kati ya ncha hizo ni 100 kamili.

5. Tafuta mbavu za chuma kwa kugonga au kwa sumaku, ubandike tepu ya karatasi juu ya kila moja na kuandika mahali ilipo. Ukuta ukishafunikwa, alama hizi ndizo zitakazoonyesha pa kufungia.

6. Piga picha za nyaya na mabomba yote yanayopita ukutani na chini ya sakafu, futi ikionekana kando yake.

Kutengeneza kiolezo

Kiolezo ni sura ya pande moja la kabati iliyokatwa kwa boksi la karatasi. Maboksi ya friji au televisheni hufaa kuliko mengine kwa kuwa hayajikunji. Boksi ni rahisi kukosea juu yake, nayo plaiwudi ni ghali kukosea.

1. Kata boksi kwa kukadiria, likiwa fupi kwa sentimita moja au mbili upande wa ukuta. Lisimamishe juu ya mstari wa sakafuni, likiwa mraba na sakafu, na mtu alishike lisiyumbe.

2. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2, ushikilie penseli kando yake. Kipitishe ukutani kutoka chini hadi dari huku penseli ikichora kwenye boksi. Kila mviringo wa ukuta utajirudia kwenye mchoro. Kipande kishikwe kikiwa kimelala sawa na sakafu muda wote, kwa maana kikizunguka mkononi mchoro unapotoka.

3. Kata mchoro, usogeze boksi hadi ukutani, utazame. Palipobaki pengo, bandika kipande cha boksi kwa tepu. Panapogonga, punguza. Rudia mpaka mwanga usipite kwa zaidi ya milimita 3.

4. Andika kwenye kiolezo: namba ya pande, juu, mbele, na upande wa kulia au wa kushoto.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi. Wengi hutengeneza kiolezo cha upande mmoja na kukigeuza kwa upande wa pili, ilhali pande mbili za vani hazifanani. Upande wa kushoto una mlango wa kuteleza na reli zake, na gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa karakanani huweza kutofautiana kwa sentimita nzima bila macho kutambua.

Pembeni mwa kifuniko cha gurudumu, au pale ambapo dari, ukuta na nguzo vinakutana, kipande cha mbao hakifiki. Hapo hutumika kijiti kilichochongwa ncha upande mmoja. Ubao mdogo wa plaiwudi hubanwa imara mahali kabati litakapokaa. Ncha ya kijiti huguswa ukutani, kijiti kikalala juu ya ubao, na penseli ikachora ukingo wake pamoja na alama ya mahali mwisho wake ulipofikia. Nukta 15 au 20 zikishachukuliwa na kupewa namba, ubao hutolewa na kuwekwa juu ya plaiwudi mpya. Kijiti hurudishwa kwenye kila alama, na ncha yake huonyesha ukuta ulipo. Nukta huunganishwa kwa utepe mwembamba wa mbao unaopindika. Mafundi wa mashua wamekuwa wakipima hivi kwa muda mrefu, kwa sababu tumbo la mashua na la vani yana tatizo lilelile.

Plaiwudi hukatwa nje ya mstari kwa milimita 3, kisha hushushwa kwa randa na msasa huku ikijaribiwa mahali pake. Lengo si kuugusa ukuta. Pande linalobana chuma hupiga kelele njia nzima na kula rangi mpaka kutu ianze. Nafasi ya milimita 5 iachwe pande zote na kuzibwa kwa utepe wa mpira au wa feli.

Kuunga na kufunga

Kila kabati lijengwe kama sanduku linalojitegemea, nje ya gari, na liwe dogo kuliko mlango litakaopitia. Upana wa mlango hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa kabisa, na pembe hadi pembe ya sanduku ihesabiwe pia, kwa sababu sanduku refu likiinamishwa hudai nafasi zaidi. Viungo viwe na gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji pamoja na skrubu. Plaiwudi ya milimita 12 haipendi skrubu ukingoni, hivyo ndani ya kila pembe huwekwa mbao nyembamba ya saipresi, na skrubu zikapita kwenye uso wa plaiwudi kuingia humo.

Kati ya mgongo wa kabati na ukuta huachwa nafasi ya sentimita 1 hadi 2, na matundu hutobolewa chini na juu ili hewa izunguke.

> KISANDUKU: Breki ya ghafla
> Gari linaposhika breki kwa nguvu zote kwenye lami kavu, mzigo wa kilo 20 husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 16. Katika ajali nguvu hiyo huweza kuzidi mara nyingi. Mtungi wa lita 20 za maji au betri iliyo juu ya kiuno, nyuma ya kichwa cha dereva, ni hatari kubwa. Vitu vizito vikae sakafuni, karibu na katikati ya gari, na uzito ugawanywe kulia na kushoto.

Kabati hufungwa sehemu mbili: chini kwenye sakafu, na juu kwenye ubavu wa chuma. Skrubu zinazojitoboa zikipigwa kwenye bati la ukuta hazitoshi, kwa sababu bati hilo halifiki hata unene wa milimita moja na tundu hupanuka kwa mtikisiko. Kwenye mbavu hutumika nati zinazopanuka ndani ya tundu kama riveti, na bolti ikakazwa humo. Sakafuni hutumika bolti inayopita hadi chini, yenye washa pana au bamba la chuma upande wa pili.

Gari lililokuwa matatu lina bahati katika jambo hili. Kanuni za mwaka 2003 za waziri wa uchukuzi John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema, jirani ya Kiriaini, zililazimisha kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Vani iliyovuliwa viti na mikanda hiyo hubaki na matundu ya bolti sakafuni. Matundu yasiyo na kutu, yenye chuma kizima kuyazunguka, yanaweza kushikilia makabati. Yaliyobaki yazibwe kwa chuma na silikoni, la sivyo maji na vumbi vitapanda kutoka chini.

Hatua za kutoboa tundu jipya:

1. Kwa tundu la sakafuni, lala chini ya gari na utazame mahali ncha ya drili itakapotokea. Tangi la mafuta, mabomba ya breki, ekzosi na nyaya hupita huko.
2. Kwa tundu la ubavu wa ukutani, zungushia tepu kwenye ncha ya drili kuonyesha kina cha mwisho, isije ikafika bati la nje.
3. Toboa kwa ncha nyembamba, kisha panua.
4. Fyonza vumbi lote la chuma. Likibaki, litashika kutu kwa mvua ya kwanza.
5. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu na uiache ikauke kabla ya bolti kuingia.

Milango na droo

Vishikio vya sumaku vinavyotumika jikoni havimudu kona. Kila mlango na kila droo vinahitaji kitasa kinachofunga kweli, kile cha kubonyeza kikiwa bora. Kikikosekana, droo huweza kuchongwa meno mawili chini, karibu na uso wake, yanayotumbukia nyuma ya ubao wa mbele wa fremu inapofungwa. Ili kuifungua, mtu huinyanyua kidogo kisha akaivuta, na uzito wa droo yenyewe ndio unaoizuia kutoka safarini. Rafu za wazi ziwe na ukingo wa angalau sentimita 5.

Moto na gesi

> ONYO
> Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya vani, hata kama usiku ni wa baridi kali na hata kama makaa yameiva. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.
> Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inayovuja hutuama sakafuni. Kabati la mtungi liwe limezibwa upande wa ndani, na chini yake kuwe na tundu linalotoka nje ya gari, lisiloweza kuzibwa na mzigo. Mtungi ukae wima, umefungwa kwa mkanda.
> Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri, na popote unapopita kwenye chuma uvishwe mpira.

Kumalizia

Kingo za plaiwudi hupakwa kwanza, mara tatu, kwa kuwa ndizo zinazonywa maji. Kisha nyuso zote, pamoja na mgongo usioonekana. Vanishi ya polyurethane huvumilia kuliko ile ya kawaida. Milango ya gari iachwe wazi kwa siku kadhaa kabla ya mtu kulala humo.

Jaribio la barabarani

Makabati yajazwe mzigo wa kweli: vyombo, maji, vyakula. Safari ya Kiriaini hadi Othaya na kurudi, pamoja na kipande cha barabara ya changarawe, inatosha kuonyesha kasoro nyingi. Abiria aketi mahali penye mkanda, asikilize na kuandika. Baada ya kurudi, haya yakaguliwe:

☐ Hakuna mlango wala droo iliyofunguka yenyewe.
☐ Hakuna alama mpya ya msuguano kati ya mbao na chuma.
☐ Milango yote bado inafunga bila kulazimishwa. Unaokwaruza huashiria kuwa sanduku limepinda.
☐ Sabuni ya povu iliyopakwa kwenye viungo vya gesi haitoi mapovu.
☐ Matundu ya hewa hayajazibwa na mzigo.
☐ Gari halijalala upande mmoja linapoegeshwa mahali tambarare.
☐ Bolti zote zimekazwa upya, na zitakazwa tena baada ya kilomita 500, mbao zikishatulia.